Jioni Namunyak Alipohesabu Ng'ombe

Wifi yangu Namunyak alikuwa mtu mtulivu mpaka siku ya mdahalo wa wagombea urais. Tulikusanyika kwake, nje kidogo ya Kitengela, wanawake wote wa kikundi cha maziwa, chai tele, na mgombea wetu akasimama kwenye runinga kama mtu aliyesahau alichotumwa dukani. Alipoulizwa habari za ukame alianza kupekua karatasi. Alipoulizwa habari za maji, akanywa maji. Mimi nilicheka. Namunyak hakucheka, kwa sababu ni yeye aliyetushawishi sote, nyumba kwa nyumba, mpaka Mashuuru.

Kutoka hapo hakukuwa na kukalika naye. Akiamka, simu. Akikamua, simu ameibana kati ya bega na sikio. Kila kura ya maoni iliyotoka aliisoma kwa sauti, kisha akatafuta mtu wa kumlaumu. Kaka yangu Samuel, mumewe, anayefanya kazi kiwandani kule Magadi, alimpigia kumtuliza.

"Mama Nailantei, tulia bana. Mdahalo ni siku moja tu. Hizo kura za maoni zinapanda, zinashuka. Uchaguzi bado uko mbali."

"Nitulie aje? Wewe uko huko na joto lako, hujui vile watu wananiangalia sokoni!"

"Basi wewe angalia Nanyokie. Huyo hangoji uchaguzi."

Nanyokie ni mtamba wake mwekundu. Alikuwa na mimba ya kwanza, kiwele kimejaa, na angezaa siku yoyote. Namunyak alipewa nyanyake mtamba huyo na mamake siku alipoolewa. Mamake hayuko tena, na ukame umemaliza uzao wote isipokuwa huyo mmoja. Nilimwambia amfungie nyumbani. Akaniuliza atakula nini hapo bomani, vumbi?

Jumatano jioni ikatoka kura mpya ya maoni. Tulikuwa tumeshuka vibaya. Mchungaji alikuwa bado nyuma na kondoo, kwa hivyo Namunyak akaenda langoni kupokea ng'ombe, simu sikioni, akibishana na mtu wa kampeni.

Sasa, kwetu ng'ombe hawahesabiwi. Tunakatazwa tangu utotoni, maana ni kuwaitia mkosi. Unasimama langoni, unamtazama kila mmoja akipita, rangi yake, pembe zake, mwendo wake, na asiyekuwepo unamjua hapo hapo. Lakini kutazama namna hiyo kunataka akili yote, na akili ya Namunyak ilikuwa imekwama kwenye asilimia. Akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona mwanamke wa kwetu akifanya. Akainua kidole, akahesabu. Nilikuwa nimebeba ndoo ya maji, nikabaki nimesimama nayo mdomo wazi.

"Wametimia," akaniambia, akaziba lango kwa miiba na kurudi kwenye mabishano yake.

Asubuhi nilisikia akipiga kelele. "Huyu ni wa nani? Huyu ni wa nani?" Katikati ya ng'ombe wake alisimama mwekundu mwingine, mzee, sikio limekatwa alama ya kwa Katoo. Idadi ilikuwa sawa kabisa. Nanyokie hakuwepo.

Tulikimbia. Katoo ni jirani wa ng'ambo ya korongo, shabiki wa mgombea wa upande ule mwingine, na tangu mdahalo Namunyak alikuwa hamsalimii. Tulimkuta ameketi juu ya jiwe, shuka limejaa damu. Nanyokie alikuwa amesimama karibu naye, analamba ndama aliyelala kwenye majani. Analamba, anasukuma kwa pua, analamba tena. Ndama hakutikisika.

"Takwenya," Katoo akamsalimia.

"Iko," Namunyak akajibu.

"Walichanganyika malishoni, akaja na ng'ombe zangu. Nilimjua tu akiingia. Nikasema nitamleta asubuhi, lakini akaanza kuzaa, na ndama alitanguliza miguu ya nyuma. Nikakupigia, nikakupigia. Simu yako iko bize. Nami singemwacha nije, nilikuwa peke yangu." Akaitazama mikono yake. "Hii yangu ni kubwa, Mama Nailantei. Nilijaribu."

Pande zetu zote, ndama akikwama ni Namunyak anayeitwa. Mikono yake ni myembamba na inajua pa kupita. Amegeuza ndama wengi wa watu, na Katoo mwenyewe ana fahali aliyevutwa na mikono hiyo. Asubuhi ile moyo uliniuma sana kwa ajili yake.

Namunyak alipiga magoti akaanza kumpangusa ndama pua kwa leso yake, taratibu, kana kwamba angepumua. Simu ikalia kiunoni.

"Labda ni watu wako wa kampeni," Katoo akasema, bila kejeli yoyote.

Hakuishika. Ililia mpaka ikachoka.

Jioni alisimama langoni, mikono yake yote miwili imeshika nguzo. Aliwaita ng'ombe kila mmoja kwa jina lake wakipita, wala hakuharakisha. Nanyokie alikuja wa mwisho. Alisimama kabla ya kuingia, akageuka kule korongoni, akalia.

"Ingia, mama," Namunyak akamwambia. "Nimekuona."