Jobeda Khatun na Mama Ishirini na Sita wa Parul

Wifi yangu Jobeda Khatun ana viganja vidogo kama vya mtoto wa miaka kumi, na watu hawajaacha kumtania. Ni yeye aliyesema kila mwanamke wa kijiji chetu cha Noapukur, akipima mchele wa jioni, atoe konzi moja aiweke kando kwenye chungu, tusomeshe wasichana.

"Konzi ya nani, bhabi?" wakamuuliza wifi yao. "Yako au yetu?"

"Ya mwenye nyumba. Mungu hakuniumba hivi ili wasichana wapate hasara."

Mama zetu walikuwa wakiweka konzi hiyo tangu zamani, akiba ya siku mbaya. Jobeda, ambaye hajui kuandika hata jina lake, aliuliza tu: siku mbaya ni ipi, kama si ile binti mwenye akili anayokaa nyumbani kufukuza kuku? Basi kila Alhamisi baada ya adhuhuri anapita na gunia kukusanya mchele tunaouza tupate karo, nami nyuma yake na daftari, kwa kuwa nilifika darasa la tano. Na hapokei hivi hivi. Anachungulia, ananusa, anatia punje mdomoni, kisha anamgeukia mwenye nyumba.

"Huu una wadudu, Monowara. Tunasomesha msichana au panya?"

Miaka kumi na tisa sasa, Alhamdulillahi, na wasichana saba. Wa saba ni Parul, binti wa Torab fundi baiskeli, anayesomea uuguzi mjini. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja alipokuja likizo ya Idi, na Alhamisi ile, tukiwa nyumba ya tatu, tukasikia kwamba ukoo wa muuza mabati wa sokoni umekuja kumwona, wamchumbie kijana wao.

Wakwe wa huku kwetu hawakatazi mtu kusoma. Husema atasoma baadaye, na hiyo baadaye sijaiona ikifika. Mzee wao akishamvisha binti pete, baba hawezi tena kurudi nyuma bila kuaibika. Na Torab ni mtu mpole mno, hata kuku akimdonoa humwomba radhi.

Jobeda aliingia na gunia lake begani. Nilimwomba Mungu amzuilie ulimi. Mungu alikuwa na mpango mwingine.

Ami wa kijana, mzee mnene mwenye ndevu za hina, alikuwa ameshatoa pete mfukoni. Parul amekaa, kichwa chini.

"Karibuni, ndugu zetu," Jobeda akasema kwa adabu iliyonitia hofu. "Naona mnaharakisha. Mmekula kwa mama mmoja tu."

"Kwani ana mama wangapi?"

"Ishirini na sita. Huyu amesomeshwa na vyungu ishirini na sita, muulizeni baba yake. Mtamchukua binti bila kuonja chakula cha mama zake? Hata sokoni hawafanyi hivyo."

Torab akatazama sakafu. "Ni kweli," akasema. Sijamsikia akisema neno zito kama hilo tena.

Mzee akacheka, akarudisha pete mfukoni. Nani kwetu anaweza kukataa chakula cha mama wa binti? Wakatoka, kijana akifuata nyuma na viatu vyake vipya, nami nikakimbia njia ya nyuma na magoti yangu haya, nikiwaambia wanawake wawashe moto.

Kwangu walikula tambi za maziwa. Nyumba ya pili, mikate ya mvuke ya nazi na sukari guru. Ya tatu, tambi tena. Ya nne, wali wa maziwa, na mwenye nyumba akaongeza sahani kabla hawajamaliza ya kwanza. Kila mahali Jobeda alisimama mlangoni akisema, "Kuleni, kuleni, msione haya."

Nyumba ya tisa mzee aliketi barazani, akalegeza mkanda.

"Dada yangu, zimebaki ngapi?"

"Kumi na saba tu. Na Monowara ndiyo kwanza anatia mafuta kwenye karai."

Akafumba macho. "Binti anamaliza lini masomo?"

"Mwakani, mvua zikianza."

"Basi tutakuja mwakani. Inshallah, kama nitakuwa hai."

"Na pete?"

"Pete haitaoza, dada. Niacheni nipumue."

Wakaondoka polepole sana. Jobeda akarudi kwa Torab akitembea kama mtu aliyeshinda kesi, akamkuta Parul anaosha vikombe.

"Umepona, mwanangu! Sema ahsante."

"Ahsante, khala." Parul hakuinua kichwa kumtazama huyo mama yake mdogo. "Lakini umemuuliza baba, ukamuuliza na yule mzee. Mimi hukuniuliza."

Jobeda akatua gunia chini. "Kwani ulimtaka yule kijana?"

"Ana masikio mazuri."

Wallahi, wifi yangu alinigeukia. Alinitazama mimi, kana kwamba jibu limo daftarini.

"Basi... niwaite?" akasema kwa sauti ndogo. "Bado hawajafika mbali. Hawawezi kukimbia."

Parul akacheka mpaka kikombe kikamponyoka. "Usiwaite, khala. Nataka cheti changu kwanza. Nilitaka tu niseme mwenyewe."

Jobeda akachuchumaa pale pale kwenye maji machafu, sari yake ya sikukuu na yote, akachukua kikombe cha pili, akaanza kuosha.

"Haya," akasema. "Sema."