Kiganja Juu ya Mota

Mamangu ana mashine ya kusaga mahindi hapa Bahati, na kwa miaka mingi kipimo chake cha joto kilikuwa kiganja na sala ya Baba Yetu. Mota ikishanguruma kwa muda, aliiwekea kiganja mgongoni akaanza kusali. Akifika amina bila kutoa mkono, tuliendelea kusaga. Mkono ukimtoka kwenye mkate, pale pa "utupe leo mkate wetu", alizima stima, na wateja wakakaa juu ya magunia kupiga gumzo hadi mota ipoe. Wengine, nawajua, walifuata gumzo tu.

Mota hiyo ndiyo iliyotulisha. Ikiungua, hatukuwa na nyingine. Zamu yangu ikifika nilikimbiza maneno kama mtu anayefukuzwa na mbwa, naye alinirudisha mwanzo.

"Mungu hana haraka. Anza tena."

Halafu mwaka juzi, asubuhi moja, alisali hadi amina akasema tuendelee. Kijana aliyeleta mahindi akakunja pua.

"Mathe, si hii kitu inaungua?"

Nami nikanusa vanishi ya nyaya za mota ikiungua. Nikazima, nikaigusa mota, nikaruka hata kabla ya kutamka Baba. Mama alikuwa bado ameuweka mkono pale. Nilipougeuza, kiganja kilikuwa kimeanza kutoka malengelenge.

"Iko sawa," akasema. "Sisikii kitu."

Mota ilipona. Hospitalini tukaambiwa ni sukari, imemla hisia za mikono. Nililia njia nzima ya kurudi. Mkono ule ndio uliojua homa zetu zote utotoni, kabla hata hatujalalamika kichwa.

Siku hizi nimefunga kipimo kwenye mota, na joto nalisoma kwenye simu. Likizidi, mashine inajizima. Mama hukaa mlangoni, na hiyo simu haiamini hata kidogo.

"Weka mkono," huniambia.

Naweka. Nasali polepole, alivyonifunza.

"Umefika wapi?"

Simu inasema mota haina neno, na mkono wangu ungefika amina bila taabu. Lakini nimeyakumbuka sana yale magumzo.

"Kwenye mkate, mum."

"Basi zima."

Nazima. Wateja wanateremsha magunia, wanakaa. Mimi nakaa kando yake, namshika mkono. Anauangalia kwanza, ndipo ajue umeshikwa.