Tusi Nililolionea Wivu

Huku kwetu Lancashire, Uingereza, "scoundrel" ni neno la kale la kumtukania mwovu asiye na haya. Zamani ukimwita hivyo bwana mwenye upanga, ulijiandaa kupigana. Siku hizi neno limeng'oka meno. Mtu mbaya kweli tunamwita mwizi, basi. Neno lenyewe wamebaki nalo vikongwe kama mama mkwe wangu, Winifred Ormerod, naye humpa mtu mmoja tu, mwanawe Clive.

"Umekuja, scoundrel wee!" humwambia Clive anapoibuka baada ya miezi ya kimya, na kumkatia kipande kinene cha pai. Mimi, mume wa binti yake, niliyemzibia paa na kumpeleka kanisani kila Jumapili, huambiwa, "Asante, Bernard." Wivu ulinila. Mzee mzima, karani mstaafu mwenye upara, nahusudu tusi!

Nikaamua nami nifanye uhuni. Asubuhi ya mashindano ya mapishi ya kijiji, pai ya mama mkwe ilikuwa mezani kwake ikisubiri kupelekwa kwa majaji. Nikaketi, nikaila yote. Mlango ulipofunguliwa nilijiweka sawa, tayari kupokea tusi langu.

Mama mkwe akatazama sahani, akanitazama mimi, kisha akanigusa paji la uso.

"Una homa?"

"Sina, mama. Nimeila makusudi."

"Maskini! Hilary! Hebu njoo hapa! Mumeo humlishi?"

Aibu gani hii! Hata uovu wangu unatafutiwa dawa. Ikabidi niseme ukweli, macho chini, kwamba nilitaka na mimi aniite kama anavyomwita Clive.

Nilidhani atacheka. Akavuta kiti.

"Yule namwita hivyo nisije nikamlilia," akasema. "Akitoka hapa, sijui kama nitamwona tena. Wewe, mwanangu, nikisikia geti najua ni wewe, wala siinui kichwa."

Nilijiona mpumbavu, tena mpumbavu aliyeshiba.

Kwenye ukumbi wa mashindano, mahali pa pai yake palikuwa patupu. Majirani wakamzunguka kuuliza pai iko wapi. Mwanamke yule, ambaye hajawahi kuharibu hata mkate, akanishika mkono mbele yao wote.

"Imeungua," akasema.