Uji wa Msichana wa Kondoa

Leo asubuhi mjukuu wangu alifungua kibuyu cha samli, harufu yake ikanirudisha shuleni, enzi za Wajerumani. Mama alikuwa akinipaka samli kichwani kila nilipokwenda kusoma. Aliyeketi nyuma yangu alikuwa mtoto wa akida. Alinimwagia mchanga nyweleni akisema, "Unanuka zizi!" Wenzangu walicheka kwa woga, kwani baba yake ndiye aliyeamuru watu wachapwe viboko.

Siku moja, tukinywa uji darasani, mtoto wa akida alimgeukia msichana mdogo wa kutoka Kondoa, akamwaga uji wake chini. Yule msichana akaanza kuuzoa kwa vidole. Nikasimama.

"Mpe wako," nilimwambia mtoto wa akida.

"Unamjua baba yangu?"

"Namjua. Mpe uji wako."

Akanizaba kofi. Sikuketi. Mwalimu akaingia, nikamweleza yote.

"Ni kweli, mwalimu," sauti ikasema nyuma. Ikafuata nyingine.

Mwalimu naye alimwogopa akida. "Kaeni!" alifoka.

Hakuna aliyekaa. Darasa zima lilisimama, tukimtazama mtoto wa akida, hadi akalisukuma bakuli lake mbele ya yule mdogo. Msichana akanywa taratibu, akamaliza, ndipo tukakaa.