Mkebe wa Moshi

Kitambaa kilicholowa oili, kikiungua polepole, kina harufu nzito inayonasa kooni. Leo nimeisikia nikipita karibu na gereji, na mara nikajikuta uani kwetu Suna.

Pikapu ya baba ilikuwa imegoma msimu mzima wa mvua. Injini iliwaka, ikatetemeka, ikazima, na baba akakosa namna ya kwenda Kisegi kwa mke wake mdogo. Akakaa kwetu. Jioni alipukuchua mahindi na mama jikoni, na mimi nililala nikiwasikia wakicheka.

Siku moja baba akatoboa mkebe wa mafuta ya kupikia, akatia kitambaa chenye oili, akakiwasha, akafunika. Mpira mmoja ulitoka kwenye pampu ya baiskeli kuingia mkebeni, mwingine ukatoka mkebeni kwenda kwenye injini.

"Pahali hewa inavuja, moshi utatokea hapo," akasema, akaanza kupampu. Mimi na mama tukainamia injini.

Moshi ukachomoza chini ya paipu, mwembamba kama uzi, mbele kabisa ya uso wa mama. Mama alikausha samaki wa kuuza kwa moshi; moshi usingempita bila kuuona. Lakini aliutazama tu, asimwonyeshe baba.

"Baba, si ule pale!" nikapiga kelele.

Baba akafunga ufa kwa kipande cha tyubu. Injini ikatulia, naye akaenda kuoga na kuvaa shati la safari ya Kisegi.

"Una macho mazuri, nyathina, mwanangu," mama akaniambia, akinipangusa oili mikononi. Aliendelea kuipangusa hata ilipokuwa imetakata.