Nilivyomwacha Mama Mkwe Nje kwa Ajili ya Mishale

Mimi ni fundi wa vitanda na makabati hapa Bahati, nje kidogo ya Nakuru, na ugonjwa wangu ulikuwa kukusanya pinde na mishale. Nikiwaambia watu hivyo wanacheka kwanza, kisha wanaangalia mikono yangu. Sijawahi kumlenga hata njiwa. Silaha kwangu ilikuwa ya kutundika ukutani na kuangaliwa wakati wa chai.

Nilianzia Elburgon, ambako huwa naenda kutafuta mbao. Kwenye kiwanda kimoja cha kupasua miti kulikuwa na mpakiaji wa rika langu, kijana aliyetoka huko juu Olenguruone, mcheshi sana. Siku moja nilimkuta ametundika shati lake lenye maji kwenye upinde wa zamani alioupachika ukutani mwa kibanda. Niliutoa ule upinde kwenye shati, naye akabaki akinitazama. Mti ulikuwa umechongwa kwa kisu tu, bila msasa, na bado ulikuwa laini kama kijiko kilichotumika miaka mingi. Mimi natumia mashine na sijawahi kufikisha mbao pale.

"Unauza?"

"Hiyo ni hanga ya shati, fundi."

"Unauza hanga?"

Akauza. Niliutundika juu ya kiti kikubwa sebuleni. Kwa wiki nzima nikiingia nyumbani naangalia ukuta kabla ya kuangalia watu. Halafu siku moja niliingia, nikauona, na moyo haukushtuka. Nikajiambia shida ni kwamba uko peke yake, unataka mwenzake. Ule wa pili ulipokuja, zote mbili zikaonekana kama vitu vilivyosahauliwa na mpangaji aliyehama. Nikaleta wa tatu. Baada ya hapo sikuhitaji sababu tena. Yule rafiki alikuwa akipita kwa wazee huko kwao, wale ambao pinde zao zilikuwa zimebaki za kufungia mlango wa zizi, na akipata ananipigia. Furaha ya kitu kipya ilikuwa inakaa kama joto la chapati: ukigeuka kuchukua chai, imeshapoa.

Na mimi ni mtu wa ndoto. Nilishapaka kibao kabisa, nikaandika kwa rangi nyekundu "Nyumba ya Silaha za Kale", nikiwaza watalii wanaoenda kuona ziwa na volkano watakata kona waje Bahati. Mke wangu alisoma kibao, akauliza watalii watakalia wapi kama viti vyote nimeviuza ninunue pinde. Tulicheka. Wateja wangu nao walikuwa wakinitania, "Fundi, unapanga vita na nani?" Mimi nawajibu, "Na umaskini." Hilo jibu nililipenda sana.

Lakini kuna jambo nililijua tangu mwanzo, na hapo ndipo aibu yangu inakaa. Baba ya mke wangu alikufa kwa mshale. Ilikuwa wakati ule watu walikimbizana baada ya kura, yeye mke wangu akiwa msichana mdogo, kwenye shamba lao huko juu. Aliniambia mara moja tu, tulipokuwa tunachumbiana, tukila mahindi ya kuchoma kando ya barabara. Alisema, akamaliza hindi lake, na hakurudia tena. Nilipoleta ule upinde wa kwanza aliutazama kidogo, akauliza, "Itakaa hapo?" Nikasema, "Itakaa hapo." Akaenda kuangalia maziwa jikoni.

Nilichukua hiyo kuwa ruhusa. Nilijiambia pinde zangu ni za kuwinda, ni za wazee waliokuwa wakifuata paa na asali, hazina hatia. Na ni kweli hazina. Hata rafiki yangu hana hatia, ingawa mshale ule ulitoka upande wa watu wake. Alikuwa mtoto kama sisi. Ila mtu anaweza kusema ukweli mwingi ili asisikie mmoja.

Kisha tukapata mtoto wa pili, mvulana. Wa kwanza ni msichana, kwa hiyo huyu angebeba jina la baba yangu, lakini baba yangu mwenyewe alisema hapana. Alisema, "Mimi bado niko hai, jina langu linaweza kusubiri mtoto mwingine. Mpeni jina la yule mzee wa upande wa mama yake, aliyeenda kabla ya wakati wake." Kwetu mtoto akibeba jina la mtu, basi yeye ni huyo mtu. Mama mkwe tulimwambia kwa simu. Akasema, "Mwambieni mume wangu nakuja kumwona."

Mke wangu aliniomba jambo moja. Alikuwa amekaa kitandani akinyonyesha, hakuinua macho. "Mama akija, hizo vitu zisiwe kwa nyumba."

Nilizitoa zote. Nilizifunga kwa kamba, nikazipeleka kwenye ghala la mahindi la jirani, mzee mmoja mpole ambaye aliuliza tu kama zinaumwa na panya. Niliziba matundu ya misumari, nikapiga ukuta rangi. Kazi safi. Nilijisifu siku mbili.

Siku mama mkwe na akina mama wenzake walipokuwa wanakuja kumwona mtoto, asubuhi simu ikalia. Alikuwa rafiki yangu mpakiaji, aliyekuwa ameshahamia malori ya viazi.

"Fundi, niko Nakuru sokoni na lori la viazi. Nina podo hapa, ya ngozi na manyoya yake bado. Mishale iko ndani."

Podo, ule mfuko wa kubebea mishale mgongoni, sikuwahi kupata. Nilikuwa na pinde za kutosha kujenga ua na sina hata podo moja.

"Leo siwezi. Mama mkwe anakuja."

"Hakuna shida. Kuna mtu wa hoteli ameniuliza pia."

"Mtu gani wa hoteli?"

"Mtu tu. Wewe pokea mgeni."

"Usimpe. Nakuja."

Nilimwambia mke wangu naenda kuongeza sukari. Aliangalia mfuko wa sukari mezani, mkubwa, haujafunguliwa, kisha akaniangalia. Nikawasha pikipiki.

Niliporudi, podo nililonunua likiwa ndani ya gunia lililofungwa kwa kamba, wageni walikuwa wameshafika. Wanawake wengine walikuwa ndani na jikoni wakikoroga uji. Kuni walizoleta zilikuwa zimepangwa vizuri kando ya ukuta. Mama mkwe alikuwa ameketi nje, kwenye stuli karibu na mlango, leso begani, na dadake, mwanamke mkubwa mwenye maneno ambaye sote tunamwita shangazi, amesimama kando yake. Mama mkwe ni mtu wa zamani. Haingii kwa mkwe wake mpaka mkwe mwenyewe asimame mlangoni aseme karibu. Alikuwa ameningojea mimi, na mawingu yalikuwa yameanza kushuka.

"Huyu ndiye mkwe?" shangazi alisema. "Tulidhani umeenda kuoa mwingine."

"Nilienda sokoni, shangazi."

"Na hiyo gunia ni nyama? Lete basi, tumechoka na uji."

Siku kama hiyo chochote baba wa mtoto anacholeta ni cha akina mama, wanakunyang'anya huku wakicheka. Akashika gunia. Nikavuta. Akadhani ni mchezo, akavuta zaidi, na wale waliokuwa jikoni wakatoka kuangalia, wakimshangilia. Mimi sikuwa nacheza. Nilikuwa naogopea manyoya ya mishale yasivunjike. Kamba ikakatika, podo likapinduka, na mishale ikamwagika kwenye nyasi mbele ya miguu ya mama mkwe.

Vicheko vilikwisha kimoja kimoja.

Mama mkwe aliinama, akaiacha ile ya mbao tupu, akachukua mmoja wenye ncha ya chuma. Aliugeuza polepole.

"Hii yenye meno haitoki ukivuta," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama mtu anayeeleza namna ya kupika githeri. "Inarudi na nyama. Mimi nilivuta. Nilidhani namsaidia."

Na mimi, nitasema ilivyokuwa: nilikuwa naangalia kidole chake cha gumba, kilivyolalia manyoya, nikitamani akisogeze.

Mke wangu alitokea mlangoni na mtoto. Akaona yaliyo chini.

"Mrudishe ndani," mama yake alisema. "Mume wangu asipigwe na baridi." Kisha akanigeukia. "Kijana yangu, hii umenunua leo?"

"Leo, mama."

"Ukijua nakuja."

"Nikijua."

Akaniwekea ule mshale mkononi. "Rudisha ilikotoka. Halafu uje unikaribishe. Nitangoja."

"Wewe ingia," shangazi alimwambia. "Mvua hiyo inakuja."

"Sijakaribishwa."

Ningeweza kusema karibu pale pale. Ni neno moja na mlango ulikuwa wazi. Lakini aliniomba nirudishe kwanza, na nilikuwa na haraka ya kuonekana mtiifu, na pia nilitaka kutoka mbele ya macho yale. Nikakusanya mishale, nikaondoka.

Rafiki yangu nilimkuta amekaa juu ya magunia ya viazi. Alipoona podo aliteremka.

"Imekuwa mbaya?"

Nilimweleza yote, hata habari ya baba mkwe ambayo sikuwahi kumgusia. Aliinamisha kichwa. Utani ukamtoka kabisa.

"Miaka hii yote hukuniambia," alisema. "Ningekuuzia leo nikijua?" Akanirudishia pesa zangu bila kuulizwa, akachukua podo, akafungua mlango wa lori aliweke nyuma ya kiti. Na hapo nyuma ya kiti nikaona kitu kirefu kimefungwa kwa blanketi.

"Na hiyo?"

"Hiyo si ya kuuza. Ni ya babu yangu mwenyewe, napelekea mjomba."

"Niione tu."

"Fundi, enda nyumbani."

"Niangalie tu, kisha naenda."

Aliifungua, kwa sababu ni mtu mwema na nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa lori. Sijui niseme nini kuhusu upinde ule. Ulikuwa mweusi kwa moshi, na pale mkono unaposhika palikuwa pamelika kidogo, vidole vinne na gumba, kama kiatu kinavyoshika mguu wa mwenyewe. Niliweka vidole vyangu pale. Nikauliza ni mti gani. Nikauliza nani alichonga, na kama babu alikuwa mrefu, na ngozi ya kamba ni ya mnyama gani. Nikauliza kama mjomba anaweza kufikiria.

"Fundi," alisema. "Mama mkwe ako kwa mvua."

Ndipo nikasikia mabati ya soko yakipigwa. Akina mama wa mboga walikuwa wameshafunika vitu vyao na kujibanza. Wengine walikuwa tayari wamekubali kulowa na wanapiga gumzo. Haikuwa mvua iliyoanza sasa hivi. Sijui nilikuwa nimesimama pale kwa muda gani, na kusema kweli sitaki kujua.

Nilifika nyumbani na stuli ilikuwa na maji juu yake. Gari walilokodi lilikuwa limeondoka kabla barabara yao haijageuka matope. Ndani kulikuwa na harufu ya uji na watu wengi, na watu hawapo. Mke wangu alikuwa amekaa na mtoto.

"Amengoja," alisema.

"Hakumwona mtoto?"

"Nilimtolea. Akamfunika na leso, akamwambia, 'Mume wangu, nimekuona, lakini leo siwezi kuingia kwako.' Akamwombea. Wakaenda."

"Nilirudisha, kweli."

"Sasa ulikuwa wapi?"

Nilimwambia. Nilifikiria pancha, nilifikiria polisi wa barabarani, lakini nilikuwa nimeshamaliza uongo wangu kwa sukari. Alinisikiliza hadi kwa blanketi na vidole vya yule babu. Kisha akasema, bila hasira, "Ulipoleta ile ya kwanza nilikuuliza kama itakaa hapo. Nilikuwa nangoja useme hapana."

Zile zilizokuwa ghalani kwa jirani hazipo tena. Rafiki yangu alizipandisha Olenguruone na lori, akazirudisha kwa wenyewe au kwa watoto wao. Mzee mmoja alikataa, akasema alishauza na hataki kuonekana omba omba. Kibao nilikipasua nikakitumia kwa kabati. Watu wanadhani ukitoa vitu, tamaa nayo inatoka. Juzi tu mteja aliniambia ana rungu la babu yake, na nilimsikiliza mpaka mwisho kabla ya kukumbuka kusema sitaki.

Mama mkwe hunipigia. Hana kinyongo kwenye sauti. Anauliza kazi, anauliza kama mume wake ananyonya vizuri, kama ameanza kucheka. Kila mara nikimwambia, "Mama, karibu nyumbani," ananijibu kwa upole ule ule, "Hiyo karibu haisemwi kwa simu." Na kuja haji.

Jumapili tunampeleka mtoto kwake. Mke wangu ameshanieleza kwamba yeye na mtoto wataingia, na mimi nijitayarishe kukaa nje hadi mwenye nyumba aamue. Nimemwambia nitabeba koti.