Mawese Ndani ya Feni

Mke wangu Émilie hajawahi kumwambia mteja kwamba kitu kimemshinda. Redio, pasi, hata fonie ya mapadre, ile redio yao ya kuitana na parokia za mbali, vyote vimepita mezani kwake kwenye baraza letu la mtaa wa Kabondo, pembeni ya cherehani yangu. Mimi Liévin ni fundi nguo, na kiburi cha mke wangu huniudhi asubuhi na kunichekesha jioni.

Wakati ule wa vita mto ulikuwa umefungwa. Hakuna meli iliyopanda kutoka Kinshasa, na mafuta ya mashine yalikwisha mjini. Tukapaka mawese kila mahali: minyororo ya baiskeli, bawaba za milango, cherehani yangu. Mambo yakaenda. Basi Odile, mwanafunzi aliyekuwa akichunguza panya wa msitu wa Masako, alipoleta kompyuta yake ya kubeba inayopiga kelele, Émilie aliifungua, akaona feni ndogo inakwaruza, akanyoosha mkono kwenye kopo langu la mawese. Tone moja tu. Feni ikanyamaza, na Odile akaenda zake anacheka.

Haukupita muda akarudi bila kicheko. Kelele ilikuwa kubwa kuliko mwanzo, kompyuta ilichoma mapaja, na ilizimika kila alipojaribu kunakili kazi yake kwenye disketi.

"Mama Émilie, mémoire yangu yote, kazi ya kumaliza masomo, iko mule, na sina copie," alisema. "Ikipotea, nitarudia wapi? Njia ya Masako imejaa basoda na bunduki sasa."

Émilie akafungua. Nilinusa kabla sijaona: mawese yaliyochemka. Feni ilikuwa imejaa utope mwekundu, vumbi lote la nyumbani kwa Odile limenata humo.

Nikamnong'oneza mke wangu, "Sema mashine imezeeka." Niliogopa kwa ajili ya jina lake. Alinitazama kana kwamba nimetema mate kwenye sufuria yake, kisha akamgeukia msichana.

"Odile, mutoto yangu, ni miye niliweka mawese. Na mawese ndiyo inaharibu feni. Bon, kaa pale. Itatengenezeka."

Odile aliinamisha kichwa, akakaa. Mimi nilijisikia mdogo kama kifungo.

Ilihitajika spiriti ya kuyeyusha ule utope, na duka la dawa lilikuwa tupu. Sasa, Émilie ni kiongozi wa akina mama wa parokia, na kila Jumapili humsema jirani yetu Berthe kwa kupika lotoko, ile pombe kali ya kienyeji. Siku hiyo alienda kwake mchana kweupe, kikombe mkononi, mtaa mzima ukitazama.

"Leo mama ya parokia pia iko na kiu?" Berthe akamuuliza.

"Feni ndiyo iko na kiu. Nipe ile kali ya kwanza kutoka, yenye hauyachanganya na maji."

Akarudi kichwa juu. Kwa unyoya wa kuku alisugua kila panga la feni mpaka likawa jeusi tena. Ndipo akaona, chini ya mafuta, unywele mrefu uliojizungusha kwenye mhimili. Huo ndio uliokwaruza tangu siku ya kwanza, na yeye aliufunika badala ya kuutafuta. Akautoa kwa sindano yangu. Halafu akaazima vigurudumu vyangu vinne vya uzi, akaviweka chini ya pembe za kompyuta ili hewa ipite.

Jioni umeme wa mgao uliporudi, feni ilizunguka kwa sauti ndogo ya kawaida. Hata hivyo Émilie hakuiamini. Alichukua pepeo ya kuwashia makaa, akaipepea kompyuta kama sufuria ya maharagi. Mimi niliacha kushona. Disketi ya kwanza ikapokea kazi yote. Odile akatia ya pili, nayo ikapokea.

Alipokuwa akifunga mfuko wake, aliacha disketi moja mezani.

"Umesahau moja," Émilie alisema.

"Hapana, mama. Kwetu wezi walishaingia mara mingi. Ile itabakia kwako. Kama iko kwako, nitalala."

Mke wangu aliipokea kwa mikono miwili. Aliifunga disketi kwenye kipande cha kitambaa, akaiweka ndani ya sanduku la vitenge vyake vya harusi. Ufunguo wa sanduku lile hajawahi kumwachia mtu, hata mimi.